Uzi: Ile shule ya mbao ya walowezi, ibomolewe ama ihifadhiwe?

Kila msimu wa kampeni ukifika kwetu Uasin Gishu, kuna jengo moja linalopigiwa kelele kuliko barabara. Ni darasa la zamani la mbao, paa la mabati, limesimama juu ya nguzo kama stoo ya mahindi. Huyu anasema, "Hii ni aibu ya ukoloni, tuangushe tujenge ghorofa." Yule anasema, "Hii ni turathi, msiguse." Makofi yanapigwa pande zote mbili, halafu watu wanarudi nyumbani bila kuelezwa lolote. Wacha nijaribu. Shule siitaji, na mgombea simtaji.

Niseme mapema kwamba jambo hili linanihusu. Nilisoma Darasa la Tatu ndani ya hilo jengo, na babu yangu alilifanyia kazi miaka mingi kabla yangu.

Tuanze na vile lilifika hapo. Koitalel Samoei, aliyewaongoza Wanandi dhidi ya Waingereza, aliuawa 1905. Miaka mitatu baadaye, 1908, msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini ulishuka Mombasa, ukapanda treni hadi Nakuru, kisha ukapandisha nyanda za juu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mji wa Eldoret ulianzia kwenye shamba nambari 64, ndiyo maana wazee bado wanauita Sisibo. Reli haikufika huko hadi 1924. Kwa hivyo jengo la kabla ya hapo, mabati yake, misumari yake na vioo vyake vilipanda kutoka stesheni ya Londiani kwa mikokoteni ya ng'ombe, kwenye matope. Mbao ndizo zilipatikana karibu: mutarakwa, ule mti tunaochanja nguzo za fensi. Mchwa hauupendi.

Hebu siku moja inama uangalie chini ya sakafu. Juu ya kila nguzo kuna kipande cha bati kilichokunjwa kama sahani iliyofunikwa. Si mapambo. Mchwa ukipanda nguzo lazima ujenge njia yake ya udongo kuzunguka lile bati, na mtu anayekagua anaiona na kuibomoa kabla haijafika kwenye mbao. Hakuna dawa, hakuna saruji, na jengo limesimama karibu miaka mia moja. Nimeona madarasa mapya ya mawe yakipata nyufa kabla ya watoto wa kwanza kumaliza shule. (Hiyo ni uzi wa siku nyingine.)

Wale wa "turathi" kwa kawaida wanaishia hapo. Ufundi mzuri, historia ndefu, picha ya kuweka mtandaoni. Wanaacha nusu ya habari.

Hiyo shule haikuwa ya watoto wa eneo hilo. Serikali ya kikoloni iligawa elimu kwa rangi: shule za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika. Mwaka 1942 elimu ilifanywa ya lazima kwa watoto wa Wazungu. Mtoto wa skwota hakuwemo kwenye hesabu. Baba yake alikuwa anaishi kwenye shamba la mlowezi chini ya sheria ya 1918, iliyomtaka afanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa na kulisha mifugo wake. Mara nyingi kwenye ardhi iliyokuwa malisho ya wazee wake mwenyewe.

Babu alikuwa mtoto wa skwota. Kazi yake pale shuleni ilikuwa kupaka nguzo oili chafu kila mwaka kabla ya mvua. Alilijua jengo kutoka chini. Alikuwa anasikia viatu vya watoto juu ya kichwa chake. Sakafu yenyewe alikuja kuikanyaga baada ya uhuru, akinileta mimi.

Sasa toka Uasin Gishu uende Githunguri, Kiambu, ndiyo utaelewa kwa nini hili jengo ni ushahidi. Huko watu walichanga pesa zao wakaanzisha chuo cha ualimu mwaka 1939, kwa sababu hawakutaka elimu yao iendelee kushikwa na wamisheni na serikali. 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, chuo kikafungwa, na eneo hilo likaja kutumika kunyongea wapiganaji wa Mau Mau. Shule nyingi za kujitegemea zilifungwa kipindi hicho hicho. Shule ya mlowezi ikabaki na vioo vyake. Si kwamba ilijengwa vizuri tu. Hakuna aliyetumwa kuifunga.

Kwa hivyo mtu akiniambia kulihifadhi ni kumsifu mlowezi, namuuliza: ukiliondoa, mtoto ataamini vipi kwamba watu walipangwa hivyo, wengine juu ya sakafu na wengine chini yake?

Lakini nisidanganye: babu mwenyewe hakukubaliana nami. Nilipomuuliza alisema liangushwe, mbao bado nzima, wazazi wagawane wajenge mazizi. "Hiyo mutarakwa ilikatwa na sisi," akasema. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina jibu zuri.

Twende kwa sheria, kwa sababu hapa ndipo wagombea wanatuchezea. Chini ya Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006, waziri ndiye hutangaza jengo kuwa la kulindwa, baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa, na tangazo linachapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Kama halijachapishwa, hotuba haizuii tingatinga. Katiba nayo inaipa serikali ya kitaifa majengo ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa. Kaunti zimepewa utamaduni, makavazi ya kaunti na mipango ya ujenzi. Madarasa ya shule ya msingi si kazi ya kaunti. Kaunti ina chekechea. Kwa hivyo anayetaka udiwani akikuahidi ghorofa ya msingi, muulize ni kwa bajeti gani. Anayetaka ubunge akisema atalihifadhi, muulize kama amewahi kuandika barua yoyote kwa Makavazi.

Na pesa? Watu husema ni darasa ama turathi, chagua moja. Shule yetu ina ekari za kutosha. Ghorofa inaweza kusimama upande wa uwanja bila kugusa ubao mmoja. Gharama ya kweli ni ya kila mwaka: mabati, mifereji ya maji, rangi, na mtu wa kuinama chini ya sakafu. Wakiziba ubao uliooza kwa saipresi mbichi, mchwa utashukuru. Na kulala watoto humo usiku sikubali, mbao kavu na nyaya za stima za kubahatisha si mchezo. Maktaba ya mchana inatosha.

Mkutano wa wazazi ni muhula ujao. Barua ya kuomba Makavazi waje walikague tumeshaiandika, tunakusanya sahihi. Kama ulisoma pale, njoo inbox. Na kama babu yako pia alipaka zile nguzo, njoo kwanza.