Adabu ya Uvuvi katika Bwawa la Mindu

Bwawa la Mindu, lililojengwa miaka ya 1980 katika mto Ngerengere chini ya milima ya Uluguru, huupatia mji wa Morogoro maji na samaki. Perege dume huchimba kiota katika maji ya kina kifupi. Jike hutaga humo, kisha huyabeba mayai kinywani mpaka yaanguliwe. Kwa hiyo mvuvi mwangalifu hakokoti wavu ukingoni, wala hatumii wavu wenye matundu madogo. Samaki mchanga aliyenaswa hushikwa kwa mikono iliyoloweshwa, kwani mkono mkavu hubandua ute unaomkinga na maradhi, halafu hurudishwa majini. Sumu ni mwiko: huua wazazi pamoja na vifaranga, na maji hayo hayo hunywewa mjini.