Robert Jones na Saa za Kwanza za Mfupa Uliovunjika

Mfupa wa paja ukivunjika, misuli mikubwa inayouzunguka hujikaza na kuzivuta ncha zake zikapandana. Paja hufupika na kuvimba, ncha kali huchana nyama na mishipa, na mtu anaweza kupoteza lita nzima ya damu, au zaidi, bila tone kuonekana nje ya ngozi. Kwa hiyo namna majeruhi anavyofungwa na kubebwa ina uzito sawa na upasuaji utakaofuata. Wachache walilielewa hilo kwa undani kama Robert Jones, daktari wa mifupa wa Liverpool, Uingereza.

Alizaliwa Rhyl, Wales, mwaka 1857, akakulia London. Alipofikisha miaka 16 alikwenda Liverpool kusomea udaktari, akakaa kwa Hugh Owen Thomas, mume wa shangazi yake. Thomas alitoka katika ukoo wa waunga mifupa wa kisiwa cha Anglesey, mafundi wasio na cheti waliorithishana ujuzi baba kwa mwana. Yeye alisomea udaktari, lakini hakuutupa ujuzi wa kwao. Jumapili alitibu maskini bure. Alishikilia kwamba kiungo kilichoumia kinahitaji kutulizwa kabisa, tena kwa muda mrefu, na kwa ajili hiyo akabuni banzi la chuma: pete iliyovikwa ngozi inayokaa kwenye kinena na kuegemea nyonga, na fito mbili zinazoshuka hadi kupita wayo. Mguu huvutwa na kufungwa kule mwisho, misuli ikashindwa kuzipandanisha ncha za mfupa. Thomas alifariki mwaka 1891, na madaktari wengi hawakuwa wamelijali banzi lake.

Jones alikuwa amelijua kwa mikono yake. Mwaka 1888 alipewa dhamana ya matibabu kwenye ujenzi wa mfereji wa meli wa Manchester, ambako maelfu ya vibarua walichimba katika urefu wa zaidi ya kilomita 50. Badala ya kungoja majeruhi waletwe mjini, alijenga hospitali tatu kando ya mfereji, na baina yake vituo vya huduma ya kwanza. Kwangu mimi hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizofanya, ingawa vitabu vya wanafunzi humkumbuka zaidi kwa mvunjiko wa mfupa wa pembeni mwa wayo unaoitwa kwa jina lake. Huo aliueleza mwaka 1902, baada ya kuuvunja mfupa wake huo akicheza dansi.

Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914 alikuwa na umri wa miaka 57. Askari waliopigwa risasi pajani walibebwa kwenye machela kupitia matope, mfupa ukicheza ndani kila hatua, nao walifika wakiwa wameishiwa damu. Hesabu inayonukuliwa mara nyingi ni kwamba mwanzoni mwa vita karibu 80 kati ya kila 100 wenye mvunjiko wa wazi wa paja walikufa. Jones alisisitiza banzi la Thomas litumike mstari wa mbele, na wabeba machela wakafundishwa kulifunga juu ya suruali na buti, hata gizani. Kufikia mwishoni mwa vita vifo vilishuka hadi karibu 20 kwa 100. Antibiotiki zilikuwa bado hazijapatikana, hata hivyo tusilipe banzi sifa yote: upasuaji wa mapema wa kusafisha majeraha nao ulichangia. Lakini upasuaji huo ulihitaji mtu afike akiwa hai.

Upande wa pili wa kazi yake ulikuwa watoto. Muuguzi Agnes Hunt, mwenyewe kilema wa nyonga tangu utotoni, alifungua nyumba ya watoto walemavu huko Baschurch mwaka 1900; Jones alimtibu, kisha akawa anakwenda huko kuwafanyia watoto upasuaji. Mwaka 1919 Jones na daktari mwenzake wa mifupa, Gathorne Girdlestone, walipendekeza mpango wa nchi nzima: hospitali kuu za mifupa, kila moja ikizungukwa na kliniki ndogo karibu na makwao watoto. Kifua kikuu cha mifupa, polio na matege havikuisha siku ya kuruhusiwa kutoka wodini. Mtoto hukua, banzi likambana, na mguu ulionyooshwa ukaanza kupinda tena. Kliniki ya jirani ingeliona hilo mapema, likarekebishwa pasipo kumrudisha kwenye kisu.