Nembo Si Mali ya Mwenye Duka Pekee

Wahenga walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii iliwafika barabara wakuu wa Cracker Barrel, kampuni ya mikahawa ya huko Marekani, mnamo Agosti 2025. Kampuni hiyo, yenye mikahawa ipatayo 660, ilianzishwa mwaka wa 1969 mjini Lebanon, jimbo la Tennessee. Tangu 1977 nembo yake ilikuwa na mzee aliyeketi kitini huku ameegemea pipa. Tarehe 19 Agosti wakuu walidhihirisha nembo mpya: mzee hayupo, pipa halipo, limesalia jina tupu.

Kilichofuata ni kishindo. Wateja waliteta kwamba wamepokonywa kilicho chao. Siku mbili baadaye bei ya hisa iliporomoka, hata thamani ya kampuni ikapungua kwa takriban dola milioni 100. Tarehe 26 Agosti Rais Donald Trump naye aliitaka kampuni iirejeshe nembo ya awali, na siku hiyo hiyo mzee akarudishwa kitini pake. Septemba, hata mpango wa kuipa mikahawa yenyewe sura mpya ulisimamishwa.

Wako watakaocheka na kuuliza: je, ladha ya chakula ilibadilika? La hasha. Lakini sisi tunaochunguza lugha hatuoni ajabu hapo. Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka wa 1916 baada ya kufa kwake, alifunza kwamba uhusiano wa neno na maana yake ni wa nasibu. Hakuna katika sauti za neno "maji" kitu chochote kinacholowesha. Hata hivyo, alisisitiza kwamba jamii ikishaipokea ishara, mtu mmoja hana uwezo wa kuigeuza apendavyo.

Ndivyo ilivyo nembo. Sheria humpa mwenye kampuni haki ya kuimiliki, ila maana yake hukaa kwa wanaoitazama. Aliyezoea kula pale na wazazi wake safarini haoni pipa tu, huwaona wazazi. Wakuu walidhani wanafuta mchoro, kumbe wanagusa kumbukumbu za watu.

Hapa kwetu tumeyaona ya namna hiyo, japo kwa utulivu zaidi. Kampuni moja ya simu ilikuwa Kencell, ikawa Celtel mwaka wa 2004, Zain mwaka wa 2008, kisha Airtel mwaka wa 2010. Sikusikia kilio. Majina hayo yalipita upesi mno, hayakupata wasaa wa kuota mizizi. Kwa upande mwingine, shirika la umeme lilijiita Kenya Power mwaka wa 2011, lakini taa zikizimika mwananchi bado huwalaumu "watu wa stima". Jina hilo hakulibuni mkurugenzi yeyote. Ni la watumiaji wenyewe, na ndilo linalodumu.

Hata hivyo, waliolalamika nao wana la kujifunza. Baadhi yao waliigeuza nembo kuwa bendera ya siasa, wakadai kwamba wanatetea asili. Asili ipi? Nembo ya kwanza ya 1969 ilikuwa maandishi matupu. Mzee na pipa lake walikuja miaka minane baadaye. Kilichotetewa kilikuwa mazoea, nayo mazoea yaliwahi kuwa mageni.

Sisemi, basi, kwamba kisibadilishwe kitu. Lugha yenyewe hubadilika kila uchao, lakini hubadilika kwa ridhaa ya wasemaji wake. Anayetaka kubadili jina la mkahawa, la barabara au la shule, na awaulize kwanza wanaolitaja kila siku. Gharama ya kuuliza ni ndogo. Gharama ya kutouliza, Cracker Barrel waijua.