Nusu ya somo anayo bibi: Kiingereza cha bustani kianzie nyumbani

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alihitimu kidato cha nne, na katika masomo yake yote hakuna alilofaulu vizuri kama Kiingereza. Haukupita muda mrefu akapata kazi ya majaribio katika bustani ya hoteli moja ya ufukweni. Siku ya tatu msimamizi wake, mgeni asiyejua Kiswahili, alimwonyesha bogenvilia zilizotambaa juu ya ua wa hoteli, akamwambia maneno mawili tu: "cut back". Neno la kwanza kijana alilijua tangu shule ya msingi. Alichukua panga, akaikata mimea yote mpaka usawa wa ardhi. Jioni ile alirudi nyumbani na ujira wa siku tatu, akaambiwa asirejee.

Tulikuwapo barazani kwao alipokuwa akisimulia. Bibi yake, ambaye Kiingereza hakijui hata salamu, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Hiyo mimea ilikuwa imekauka?"

"Hapana, bibi. Ilikuwa na maua tele."

"Basi mjukuu wangu, mmea wenye maua haukatwi. Hupogolewa."

Kijana alinyamaza. Neno kupogoa alikuwa amelisikia, lakini hakuwahi kulitumia wala kuifanya kazi yenyewe.

Wazazi wenzetu, kisa hiki kimetufikirisha sana. Wengi wetu tunaamini kwamba mtoto akikosea Kiingereza, dawa ni kumwongezea Kiingereza. Kijana huyu hakupungukiwa na Kiingereza peke yake. Alipungukiwa na bustani, na maneno ya bustani katika lugha yake mwenyewe. Neno la kigeni lilipofika halikukuta mahali pa kukaa.

Tuanze na hayo maneno mawili yaliyomponza. Waingereza hupenda kuchukua kitenzi kifupi na kukibandika neno dogo nyuma yake, na hilo neno dogo ndilo lenye amri. "Cut back" ni kupogoa, lakini "cut down" ni kukata mpaka chini. "Dig over" ni kutifua udongo. "Dig in" ni kuchanganya samadi ndani ya udongo huo, na "dig up" ni kuchimba kitu ukakitoa ardhini. "Plant out" ni kuatika, yaani kuihamisha miche kutoka kitaluni hadi kwenye tuta. "Thin out" ni kung'oa miche iliyosongamana ili inayobaki ipate nafasi. Angalieni jinsi Kiswahili chetu kilivyo na kitenzi kimoja kilichokamilika kwa kazi kama kupogoa, kutifua na kuatika. Mtoto anayevijua vitenzi hivyo kwa mikono yake atavishika vya Kiingereza upesi, kwa kuwa anajifunza jina jipya la kazi anayoijua.

Yapo pia maneno yenye sura mbili. "Bed" ni kitanda, lakini bustanini ni tuta au kipande kilichotengwa kwa maua. "Nursery" ni mahali pa kulelea watoto wadogo, na pia ni kitalu cha miche. "Plant" ni mmea, ni kitendo cha kupanda, na mahali pengine ni kiwanda. "Weed" ni gugu, na ni kitendo cha kupalilia. Lakini neno hilohilo mitaani ni jina la bangi, kwa hiyo mzazi akilisikia asikimbilie kukasirika kabla hajauliza ni gugu lipi. Mtoto akilalamika kwamba Kiingereza kinamchanganya, mkumbusheni kwamba nasi tuna ua la waridi na ua wa nyumba, na hakuna anayepotea.

Katika vifaa tahadhari ni nyingine. Sisi huita beleshi, nao wana "spade" yenye bapa lililonyooka la kukatia udongo, na "shovel" yenye kingo zilizoinuka ya kuzolea mchanga au kokoto. Sisi husema mbolea kwa vyote, nao hutenganisha: "manure" ni samadi, "compost" ni mboji, na "fertiliser" kwa kawaida ni ile ya viwandani. Tofauti hii si ya kamusi tu. Anayemwaga mbolea ya viwandani kwa wingi kama anavyomwaga samadi huiunguza miche yote. "Mulch" nayo ni matandazo, yaani majani makavu yanayofunika udongo ili unyevu usipotee.

Hata wenye lugha hawakubaliani. Kwa Mwingereza, "garden" ni eneo lote la nyumba lenye nyasi na mimea. Mmarekani eneo hilo huliita "yard", na "garden" kwake ni sehemu iliyopandwa maua au mboga. Kwa Mwingereza "yard" mara nyingi ni ua uliosakafiwa. Anayetafuta kazi na aulize mwajiri wake anatoka wapi.

Isitoshe, maneno haya si ya kigeni kama tunavyoyadhania. Asumini yetu na "jasmine" yao ni watoto wa neno moja la Kiajemi. Limau na "lemon" ni ndugu. Bustani yenyewe tumeipata kutoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni mahali penye harufu nzuri. Hata "paradise" ya Waingereza na Firdausi tunayoitaja katika dua zetu zimetoka katika shina moja: neno la kale la Uajemi lenye maana ya mahali palipozungushiwa ukuta. Mtoto akilijua hili, hakiendei Kiingereza kwa unyonge.

Tunashauri nini? Kila familia itenge saa moja kwa wiki na kipande cha ardhi, hata kama ni makopo manne ya mchicha kwenye kibaraza cha ghorofa. Mzee ataje kazi kwa Kiswahili, mtoto aitaje kwa Kiingereza, kisha wote wawili waifanye. Kila kifaa na kila mmea uwekewe kijiti chenye majina mawili. Mama asiyejua Kiingereza asijitoe katika somo hili akisema hana elimu. Anayejua wakati wa kutifua na wakati wa kuatika anayo nusu ya somo, na ni ile nusu isiyopatikana vitabuni.

Kijana wetu bado anatafuta kazi. Kila asubuhi hupalilia matuta ya bibi yake nyuma ya nyumba, na daftari lake huliweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Juzi tulipopita tulimkuta bibi ameinama na miche ya bilinganya mkononi.

"Na kuatika," alimwuliza mjukuu wake, "wao huitaje?"

Kijana alijibu bila kulitazama daftari, kisha akapokea miche.