Raba ya Mkimbiaji wa Marathoni: Bonyeza Sponji Kabla Hujapiga Picha

Leo naongea na sisi tunaouza raba za mtumba mtandaoni, hasa huku kwetu Masasi na Newala. Hii posti ni ndefu kidogo, ila isome mpaka mwisho, mimi somo hili nililipia kwa hela yangu.

Msimu wa korosho uliopita kuna mwalimu mmoja wa Newala alinifuata inbox. Anajiandaa na Kilimanjaro Marathon, ile ndefu ya kilomita 42. Anataka raba laini ya kukimbilia, namba 43. Nilikuwa na pea moja kali sana ya bluu. Nilikuwa nimeisugua kwa mswaki na sabuni ya unga, soli nyeupe imerudi, kamba nimeweka mpya. Kwenye picha ungesema imetoka dukani leo. Nikamuuzia 45,000, nikaipandisha kwenye gari la Newala jioni ile ile.

Wiki ya tatu akanitumia voice note: "Dogo, hii raba uliyoniuzia imekufa. Nikikanyaga, lami yote naisikia kwenye ugoko. Siku ya nne leo sikimbii."

Ukweli mwanzo nilikasirika. Nikasema moyoni huyu kaitumia vibaya, sasa anataka hela yake. Ila nikamwambia airudishe. Ilipofika nikatoa kile kipande cha ndani, nikaingiza mkono, nikabonyeza kisigino kwa dole gumba. Ngumu kama ubao. Na hapo haikuwa na shida ya wiki tatu, ilikuwa imekufa toka kwenye belo. Mimi niliangalia nje tu.

Hela yake nilimrudishia siku hiyo hiyo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa anakimbia na wenzake nane, na wote walikuwa wanasubiri kuona raba ya mwalimu ikoje. Hakuna hata mmoja aliyenitafuta.

Tokea hapo nikaanza kujifunza. Nilichojifunza ni hiki: raba ya kukimbilia inafia ndani, wakati nje bado inang'aa.

KWANINI MKIMBIAJI WA MARATHONI SIO MTEJA KAMA WENGINE

Anayenunua raba ya kutokea akienda sokoni na kurudi, atavaa miaka miwili. Mkimbiaji wa marathoni hesabu yake ni nyingine. Mbio zenyewe ni kilomita 42 na mita 195, na kujiandaa kunachukua kama miezi minne. Mwenye mazoezi mazito anakimbia kilomita 60, 70, hata 80 kwa wiki.

Sasa piga hesabu. Kilomita moja ni karibu hatua elfu moja kwa mtu wa kawaida. Kilomita 60 ni hatua 60,000 kwa wiki, 30,000 kila mguu. Na ukikimbia, kila ukitua mguu unapokea uzito mara mbili mpaka tatu ya uzito wako. Mtu wa kilo 70 anatua na kilo 140 au zaidi. Kinachopokea mzigo huo wa kwanza ni ile sponji iliyo kati ya mguu na mpira wa chini.

Sponji hiyo kwenye raba nyingi inaitwa EVA. Ndani yake kuna vitundu vidogo sana vya hewa. Ukikanyaga vinabanwa, ukinyanyua mguu vinarudi. Kadiri kilomita zinavyoongezeka vinachoka, vingine vinapasuka, sponji inabaki imelala. Fikiria godoro. Shuka ni safi, limetandikwa vizuri, ila ukilala unakuta shimo pale mtu anapolala kila siku. Raba ni hivyo hivyo. Kuiosha ni kubadilisha shuka tu.

Kipimo ambacho wakimbiaji wengi wanatumia ni kwamba raba mpya inadumu kilomita 500 mpaka 800, inategemea uzito wa mtu na barabara. Kwa anayekimbia kilomita 70 kwa wiki hizo ni wiki 7 mpaka 11. Raba MPYA hiyo. Sasa ya mtumba ambayo mwenzako wa Ulaya kashaikimbilia, je? Ndio maana kukagua sio hiari.

KWANZA: JUA KAMA NI RABA YA KUKIMBILIA KWELI

Sio kila raba yenye alama kubwa ni ya kukimbilia. Nike Air Force 1 ilitengenezwa mwaka 1982 kwa ajili ya mpira wa kikapu. Ni nzito, ni ya kutokea. Converse na Vans za kawaida soli yake ni bapa, sponji karibu hamna. Uza kwa anayetaka kupendeza, usimpe mtu wa marathoni.

Zile za mazoezi ya kila siku zenye sponji ya kutosha, majina utakayokutana nayo sana kwenye mzigo ni haya: Asics Gel-Nimbus na Gel-Cumulus, Brooks Ghost na Glycerin, Hoka Clifton na Bondi, Nike Pegasus na Vomero, Saucony Ride na Triumph, New Balance 880 na 1080. Yaandike kwenye simu yako. Ukiyaona kwenye belo, weka pembeni, hayo sio ya kumwaga kwenye fungu la buku kumi.

Kama huijui raba, fungua ulimi wake uangalie lebo ya ndani. Pale kuna namba ya toleo. Iandike Google. Itakuletea jina la raba na kazi yake. Lebo nyingi zina na mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na hiyo itakusaidia mbele.

Kuna aina nyingine wateja wanaiulizia sana siku hizi: zile zenye soli nene na bamba la kaboni ndani. Eliud Kipchoge alivaa za aina hiyo Vienna, Oktoba 2019, alipokimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40. Ni nzuri, ila ni za siku ya mashindano. Sponji yake ni nyepesi, inachoka mapema, na sio imara kwenye njia ya mashimo. Mteja wa mazoezi ya kila siku mwambie ukweli, hata kama hiyo ndio pea ya bei kubwa uliyonayo.

PILI: KAGUA HIVI (DAKIKA TANO TU)

1. Iweke mezani, uitazame kwa nyuma usawa wa macho. Ikilala upande mmoja, sponji ya upande huo imekwisha. Hiyo haifai kukimbilia.

2. Angalia ubavu wa sponji. Mikunjo midogo michache ni kawaida. Mikunjo mingi ya kulala, imejipanga kama makunyanzi, hasa kisiginoni, ujue imebanwa sana.

3. Toa kipande cha ndani, bonyeza kisigino na sehemu ya mbele kwa dole gumba. Inatakiwa izame kidogo na irudi. Ikiwa ngumu, au ikizama ikabaki na shimo, imekufa. Linganisha kulia na kushoto.

4. Geuza chini. Mpira ukiwa umelika mpaka sponji inaonekana, kilomita zake zimeisha. Ila kumbuka, mpira mzima hauna maana sponji ni nzima. Raba ya mwalimu mpira wake ulikuwa na meno yote.

5. Ikunje kidogo kwa mikono. Nzuri inakunjika pale vidole vinapoanzia. Ikikunjika katikati kama chapati, iache.

6. Angalia gundi na umri. Raba iliyokaa miaka mingi stoo, hata kama haikuvaliwa, gundi inaachia. Soli nyingine za zamani zinamomonyoka kama keki siku ya kwanza tu. Ndio maana nikasema soma mwaka kwenye lebo.

Na wakati wa kuosha: usiianike raba kwenye jua kali, wala usiiweke karibu na jiko. Joto linaharibu sponji na gundi. Toa kipande cha ndani, jaza magazeti, anika kivulini.

TATU: MUULIZE MTEJA MASWALI MATATU

La kwanza, anakimbia kilomita ngapi kwa wiki? Wa kilomita 15 na joging ya Jumamosi, pea iliyotumika wastani inamtosha. Wa 60 na kuendelea, mpe ile yenye sponji hai kabisa, na mshauri achukue pea mbili azipokezane. Leo hii, kesho ile. Sponji inapata muda wa kurudi na kukauka. Hapo hujamlazimisha, umemsaidia, na wewe umeuza mbili.

La pili, anakimbilia wapi? Hapa ndio sisi wa huku tunawazidi wauzaji wa Kariakoo, maana njia tunazijua. Mtu wa Masasi mjini anayekimbia lami, njia ya kwenda Tunduru, anatua juu ya kitu kigumu kila hatua. Huyo mpe sponji nene. Mtu wa Newala yuko juu ya uwanda, kuna udongo mwekundu, mchanga, na mvua zikianza kunateleza. Akishuka mitelemko ya kule kuelekea bonde la Ruvuma, sio mbali na Shimo la Mungu, mguu unapigwa zaidi kuliko kwenye tambarare, na raba ndefu laini kupita kiasi inaweza kumpindisha kifundo. Huyo mtafutie yenye sponji ya wastani, kitako kipana na meno chini.

La tatu, mguu wake una sentimita ngapi? Usiulize namba peke yake, maana 42 ya kampuni moja sio 42 ya nyingine. Mwambie akanyage karatasi jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, achore kisigino na kidole kirefu, apime kwa rula. Kisha soma CM kwenye lebo ya raba. Mguu wa 26, mtafutie 26.5 au 27. Mbele ya kidole ibaki nafasi ya upana wa dole gumba, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi kabla ya kilomita 30.

NNE: BEI NA TANGAZO

Wateja wa huku watakwambia "mbona fulani anauza 30,000?" Usigombane, mpe hesabu. Raba ya 30,000 iliyobakiza kilomita 100, kila kilomita anailipia shilingi 300. Ya 60,000 iliyobakiza kilomita 400, anailipia shilingi 150. Ipi rahisi? Kilomita zilizobaki hakuna anayeweza kuzipima kwa jicho, utakadiria tu, kwa hiyo sema "nakadiria". Mwalimu, askari, hata mkulima wa korosho, hesabu hiyo anaielewa haraka.

Tangazo langu siku hizi naandika hivi:

"Asics Gel-Cumulus, mtumba, CM 27. Sponji hai, nimebonyeza pande zote. Mpira wa kisigino kushoto umelika kidogo, angalia picha ya 4. Nzuri kwa lami, mazoezi ya kila siku. Ikifika ikawa tofauti na nilivyosema, rudisha ndani ya siku 3 bila kuikimbilia nje, hela yako narudisha."

Ona, kasoro nimeisema mwenyewe. Nilidhani itafukuza watu. Imepunguza maswali, na sijarudishiwa pea hata moja toka nianze.

Kitu kimoja tafadhali: usimwambie mtu kwamba raba inatibu goti. Raba nzuri inapunguza mshindo, basi. Wengi wanaumia kwa sababu wameongeza kilomita haraka mno. Mwenye maumivu yasiyoisha aende hospitali, asiletwe kwenye status yako.

TANO: WAKATI

Kilimanjaro Marathon huwa mwishoni mwa Februari, Moshi. Rudisha miezi minne nyuma, unaangukia mwisho wa Oktoba na Novemba. Na sisi huku hela ya korosho inaanza kuingia muda gani? Muda huo huo. Kwa hiyo mzigo wa raba za kukimbilia utafute Septemba, ukague taratibu, Oktoba uanze kupost. Januari watarudi kwa pea ya pili, maana ile ya kwanza itakuwa imechoka. Ukimtumia meseji kabla hajakutafuta, "Mwalimu, ile raba imefikisha kilomita ngapi?", atajua unajua kazi yako.

Na yule mwalimu? Nilimtafuta Januari, nikampelekea pea nyingine, nikamwambia abonyeze kwanza ndani, asipoipenda asilipe. Alibonyeza, akalipa. Wenzake nane bado sijawapata wote. Nimepata watatu.

Hifadhi posti hii, siku ukifungua belo uwe nayo mkononi. Na wewe mwenzangu, kwenye mzigo wako wa sasa kuna pea ngapi ulizopiga picha bila kubonyeza? Nenda kabonyeze leo.