Alaska: Meli hushusha maelfu, nani anavuna dola ya mtalii?

KATI ya mwezi Aprili na Oktoba kila mwaka, mji wa Juneau, makao makuu ya jimbo la Alaska nchini Marekani, hufurika wageni. Wakazi wake ni watu wapatao 32,000 tu, lakini mwaka 2023 walishuka hapo abiria zaidi ya milioni 1.6 kutoka katika meli za kitalii.

Hakuna barabara inayouunganisha mji huo na miji mingine, hivyo mgeni hufika kwa maji au kwa ndege. Meli hutia nanga asubuhi na nyingi huondoka jioni. Mwenye duka ana saa chache za kuuza, na abiria tayari amelipia kitanda na chakula melini. Ndiyo maana jinsi mtalii anavyopanga safari yake ni suala la kufa na kupona kwa wafanyabiashara wadogo wa huko.

Njia mbili za kusafiri

Safari ya kawaida huchukua siku saba. Ya kwanza ni ya kwenda na kurudi, kuanzia Seattle au Vancouver, ikipitia miji kama Ketchikan, Juneau na Skagway. Ya pili ni ya upande mmoja, kati ya Vancouver na bandari ya Seward au Whittier.

Anayetaka kuongeza safari ya nchi kavu huchagua hii ya pili, kwa kuwa meli huishia pale reli inapoanzia. Reli hiyo, iliyokamilika mwaka 1923, ina urefu wa kilometa zipatazo 756 kutoka Seward hadi Fairbanks, ikipita Anchorage na hifadhi ya Denali.

Mwezi nao una uzito wake. Mei nauli huwa nafuu na mvua za pwani si nyingi. Julai kuna joto zaidi, lakini pia msongamano. Mwishoni mwa Agosti majani hubadilika rangi, na usiku wa Fairbanks huwa na giza la kutosha kuona mianga ya kaskazini.

Ndani ya Denali kuna barabara moja tu ya kilometa 148, na magari binafsi huruhusiwa kilometa 24 za mwanzo tu. Mwaka 2021 maporomoko ya ardhi yaliifunga karibu na katikati. Hivyo msafiri hana budi kuuliza mabasi yanafika wapi kabla ya kulipa.

Fedha inakwenda wapi?

Matembezi ya bandarini, kama vile kutazama nyangumi, yanaweza kununuliwa melini au moja kwa moja kwa mwenyeji. Ya melini huwa na bei ya juu kwa sababu kampuni ya meli huchukua sehemu yake, lakini yakichelewa meli humsubiri abiria. Aliyejipangia mwenyewe akichelewa, anaachwa.

Safari ya nchi kavu humlaza mgeni mjini, kwa hiyo hula na kununua huko. Hata hivyo, baadhi ya makampuni ya meli yanamiliki hoteli zao karibu na Denali, na mgeni huweza kumaliza safari nzima akiwa amelipa kampuni ile ile.

Wapo waliopata dawa. Katika kijiji cha Hoonah, kampuni ya Huna Totem, ambayo wanahisa wake ni wenyeji wa kabila la Watlingit, iligeuza kiwanda cha zamani cha samaki kilichojengwa mwaka 1912 kuwa bandari ya watalii. Ilianza kupokea meli mwaka 2004.

Aidha, jimbo huweka alama kwenye bidhaa. Nembo ya mkono wa fedha huthibitisha kuwa kazi imetengenezwa na msanii mzawa wa Alaska, na nembo ya dubu kwamba bidhaa imetengenezwa jimboni. Bila alama hizo, mgeni angeshindwa kuitofautisha na kinyago kilichoagizwa kutoka nje.

Wakulima nao hawakubaki nyuma. Mji wa Palmer, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Anchorage, ulikuzwa na familia zipatazo 200 za wakulima zilizohamishiwa huko na serikali mwaka 1935. Wakati wa kiangazi jua huwaka hadi saa 19 kwa siku, na kabichi hukua ajabu. Katika maonyesho ya mwaka 2012, moja ilipimwa na kukutwa na kilo 62.7. Kabichi hizo sasa ni kivutio chenyewe.

Hatari ya mteja mmoja

Pamoja na neema hiyo, kuna mtego. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inakataza meli za kigeni kubeba abiria kati ya bandari za nchi hiyo bila kugusa nchi nyingine. Ndiyo maana meli za Seattle hupitia Canada. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia, Canada ilifunga bandari zake, na mwaka 2020 meli kubwa hazikuja Alaska. Skagway, mji wa watu wapatao 1,200 unaotegemea meli, ulikosa wateja msimu mzima. Mwezi Mei 2021 ilibidi Bunge la Marekani lilegeze sharti hilo kwa muda.

Kwa upande mwingine, wapo wakazi wanaolalamikia kelele na msongamano. Juneau ilikubaliana na makampuni meli zisizidi tano kwa siku kuanzia mwaka 2024, na abiria wasizidi 16,000 kwa siku, au 12,000 Jumamosi, kuanzia mwaka 2026. Lakini Oktoba 2024, wapiga kura walipotakiwa kuzuia meli kubwa siku za Jumamosi, walikataa.

Kwa msomaji mwenye shamba au duka kando ya njia ya watalii, somo liko wazi. Wingi wa wageni peke yake haujazi mfuko. Kinachojaza ni kumiliki mahali wanaposhukia, kuweka alama kwenye bidhaa yako, na kuwa na mteja mwingine siku meli isipokuja.