Je, Wajua? Betri ya Selfu Hainunuliwi kwa Volti Pekee

Je, wajua kwamba betri mbili za volti 12, umbo moja na bei karibu sawa, moja itawasha jenereta yako na nyingine itabaki kulia tik-tik? Stata, yaani selfu, hudai makumi ya ampea kwa sekunde chache, basi. Betri ya kuwashia ina bamba nyingi nyembamba za risasi ili itoe nguvu kwa mkupuo. Ya sola ina bamba chache nene, za kutoa kidogo kidogo usiku kucha. Ukiambiwa "hizi zote ni moja", hamia duka la pili.

Je, wajua kwamba namba ya betri husomeka? Katika 12N5-3B ya pikipiki, 12 ni volti na 5 ni ampea-saa. Kilichobaki hujumuisha mkao wa terminali. Kwa hiyo usiombe "betri ya pikipiki". Taja namba iliyo ubavuni mwa ile ya zamani.

Na mkao huo si urembo. Chanya ikiwa upande usiofaa, waya haufiki, na fundi mwenye haraka akipachika waya kinyume, rektifaya huweza kuungua papo hapo.

Je, wajua kwamba ampea-saa zikizidi kidogo haziunguzi stata? Stata huchukua inachohitaji. Kinachounguza ni volti zisizo zake. Ila hakikisha betri inaenea kwenye kikalio chake.

Je, wajua kwamba kipimo cha CCA (ampea za kuwashia kwenye baridi), kinachosifiwa sana kwenye vibandiko, hufanywa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri? Baridi hiyo Kariakoo haijui. Adui wetu ni joto: mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, umri wa betri hupungua karibu nusu. Usiifunge kando ya ekzosi.

Je, wajua kwamba hata betri mpya inaweza kuwa imezeeka dukani? Omba mita. Betri ya risasi iliyojaa husoma takriban volti 12.6, maana ina seli sita za volti 2.1. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na ikilala hivyo muda mrefu bamba hushika salfeti. Ukishaifunga, pima tena huku selfu ikizunguka: ikishuka chini ya 9.6, irudishe. Kipimo cha kwanza kifanye kabla ya kulipa, na cha pili kabla risiti haijapotea.

Je, wajua kwamba gari la kwanza kuuzwa na stata ya umeme kama kifaa cha kawaida lilikuwa Cadillac ya 1912, kwa ubunifu wa Charles Kettering? Kabla yake ilikuwa kuzungusha mpini kwa mkono.

Unapofungua waya za betri, anza na hasi. Unapofunga, hasi iwe ya mwisho. Betri ya maji huongezwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, kamwe si tindikali.

Je, wajua kilichotokea Owino Uhuru, Mombasa? Kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kilisambaza sumu ya risasi mtaani, na mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Basi betri yako iliyokufa mrudishie muuzaji anayezikusanya kwa utaratibu, wala usimpe anayeyeyusha risasi uani.